Maneno Sitini na Moja kwa Sekunde

Kuanzia mji wa Milpitas hadi wa Fremont, katika bonde hili la kompyuta, hakuna mwanamke aliyeshiba elimu ya kompyuta kama huyu anayewasimulia. Anajua pa kuiwashia. Pa kuizimia bado anapatafuta, na ya kwake inawaka tangu Krismasi ya mwaka juzi. Lakini habari za Lonnie Baptista hazitaki elimu hiyo. Zinataka mtu anayeutambua uongo hata ukiwa umeoga, umechana nywele na kufunga tai, na hapo, wapendwa, tuko wengi.

Lonnie alikuwa na miaka arobaini na moja, meno yote thelathini na mawili, na ulimi mmoja uliofanya kazi ya watu watano. Biashara yake ilikuwa majakuzi ya mitumba. Jakuzi likivuja, alimwambia mteja linapumua. Likikataa kuchemka, alisema hilo ni la kiafya, wanalitumia madaktari wa Finland. Kwa miaka kumi watu walimwamini, kisha ndani ya mwaka mmoja wakaacha wote kwa pamoja, kama waliopigiana simu. Kufika mwezi wa tatu alikuwa amebakiwa na gari lake la mizigo, jakuzi moja lenye ufa, na ujumbe wa shemeji yake Duarte wa mji wa Modesto: "Kazi ipo. Kusugua ukoga kwenye majakuzi ya wateja. Viatu vya mpira utapewa." Lonnie aliusoma ujumbe ule kila asubuhi, na kila asubuhi viatu vile vya mpira vilizidi kumbana kabla hajavivaa.

Basi siku moja mchana aliingia mkahawa wa Wavietnamu, akaagiza bakuli la tambi. Meza ya jirani walikuwapo wanaume wawili wenye miwani, nao walikuwa karibu kushikana mashati.

"Nakwambia, bila gigabaiti arobaini na nane huna mashine. Una pambo la sebuleni."

"Na mimi nakwambia subiri. Mwezi wa kumi zinatoka mpya."

"Mwaka jana ulisema hivyo hivyo, mwezi wa kumi."

"Na kweli zilitoka. Ila nikasikia za mwezi wa tatu zitakuwa bora zaidi."

"Sasa huu si ndio mwezi wa tatu?"

"Ndiyo maana nasubiri za mwezi wa kumi."

Lonnie akaweka kijiko chini. "Samahani, wakubwa zangu. Mnazungumzia magari?"

Walimtazama kwa huruma, kama watu wa dini wanavyomtazama mpagani mwenye sura nzuri. Yule mwenye ndevu akamvutia kiti. "Kaka, wewe ukiongea na akili mnemba unaongea nayo wapi?"

"Kwenye simu."

"Kwenye simu! Yaani siri zako zinasafiri mpaka kwenye mashine ya watu baki, zinalala huko, zinapiga soga na siri za wenzio. Sisi tunataka akili ikae nyumbani. Uiulize jambo chumbani, liishie chumbani."

Hapo somo likaanza, na tambi za Lonnie zikapoa. Aliambiwa kwamba akili ya kukaa nyumbani inaendeshwa na kadi za michoro, zile zilizobuniwa ili watoto wapigane vita kwenye kioo. Kila kadi ina kumbukumbu yake, na kumbukumbu ikiwa ndogo, modeli kubwa, yaani akili yenyewe, haiingii, ni sawa na kumsukuma ng'ombe kwenye banda la kuku. Ukinunua kadi moja utatamani ya pili. Ukinunua ya pili, umeme wa nyumba unakatika mke akiwa kwenye oveni. Ipo kompyuta ndogo ya kimya yenye kumbukumbu tele, lakini hiyo hujibu kama babu anayetafuta miwani. Zipo pia kadi kuukuu za makampuni, bei chee, ila hunguruma mpaka mke anahamia kwa mama yake.

"Sasa nyie mmenunua ipi?" Lonnie akauliza.

"Bado tunachagua."

"Tangu lini?"

Wakatazamana. "Mwezi wa sita," akasema mwenye ndevu.

"Sema na mwaka," akadakia mwenzake, na wote wawili wakacheka kicheko cha wagonjwa wanaoujua ugonjwa wao.

"Na pesa mnazo?"

"Pesa si tatizo," akasema mwenye ndevu. " Dola elfu tisa ziko benki, kila nikifungua simu zinanikodolea macho. Tatizo ni kuchagua."

Mwenye pesa asiyejua la kuchagua ni ndizi iliyojimenya yenyewe. Kilichobaki ni kupita na mdomo. Lonnie aliwalipia chakula wote wawili, jambo ambalo hakuwahi kumfanyia hata mama yake mzazi, akatoka akiwa amejaa kichwani kuliko tumboni.

Wiki tatu hakuonekana. Aliuza gari la mizigo. Aliuza na lile jakuzi lenye ufa, kwa mtu aliyetaka kufuga bata. Alisoma usiku na mchana mpaka akaweza kutaja kadi kumi na nne kwa majina na umri, kama shangazi anavyotaja watoto wa ukoo. Kisha akajenga sanduku.

Lilikuwa sanduku jeusi la chuma, ukubwa wa friji ndogo ya hotelini, ubavuni limeandikwa kwa rangi ya fedha MLIMA 400. Ndani yake mlikuwa na vitu vinne. Kompyuta moja ndogo ya bei ya jozi ya soksi nzuri. Laini ya simu, antena yake imefichwa ndani ya mpini. Matofali mawili, ili anayelinyanyua agunegune kwa heshima. Na drai ya nywele ya marehemu mama yake Lonnie, kwa ajili ya joto na ngurumo. Ukiliuliza sanduku swali, ile kompyuta ndogo ililirusha swali kimyakimya kwa laini ya simu hadi kwenye mashine kubwa ya kukodi, maili mia kadhaa kutoka hapo, ikaleta jibu, na sanduku likalisema kama lake. Kwa ufupi, Lonnie alichukua kitu kile kile watu walichokuwa wanakikimbia, akakitia kwenye sanduku, akakipeleka sokoni kama maficho. Ni sawa na kumuuzia mtu anayemkimbia mama mkwe nyumba ambayo mama mkwe yumo kabatini.

Siku ya siku ikafika. Wapenzi wa mashine hizi walikuwa na chama chao, wakikutana kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi katika ukumbi wa zamani wa mchezo wa kuviringisha matufe. Mchezo ulikufa, njia zake za mbao zikabaki, na kila mwanachama mkubwa alikuwa na meza yake kwenye njia yake. Katikati ilikaa meza moja isiyo ya mtu, ikiitwa Meza ya Jasho. Sheria ya chama ilikuwa fupi: hakiuzwi kitu mpaka kikae mezani pale, kiwashwe, kitoe jasho mbele ya watu.

Mwenyekiti alikuwa Walt Hagopian, mzee wa miaka sabini na moja, fundi mstaafu wa viwanda vya chipu, suruali yake ina mifuko minane na kila mfuko una kifaa. Watu walimpenda. Alikuwa na udhaifu mmoja tu: hakuvumilia mtu mwingine yeyote katika bonde lile awe na mashine kubwa kuliko yake.

Lonnie aliingia saa nne, sanduku juu ya toroli, shati jeupe, tabasamu la daktari wa meno.

"Hilo nini?" Walt akauliza.

"Mzee wangu, hili ni jibu," akasema Lonnie. "Maswali mnayo nyie."

"Lina kadi ngapi?"

"Halina kadi. Kadi ni mambo ya jana. Hili ni la majaribio, yametengenezwa matano tu. Manne yako mahali nisipoweza kupataja."

Watu wakasogea. Walt akachomoa waya wa mtandao ukutani kwa mkono wake mwenyewe, akaamuru waifai ya ukumbi izimwe, akachomeka kipima umeme chake kwenye soketi. "Haya. Litoe jasho."

Lonnie akabonyeza. Drai ya marehemu mama ikanguruma ndani ya chuma kama ndege inayoondoka. Kipima umeme kikaruka hadi wati elfu moja mia tano, na umati ukaguna. Joto likatoka ubavuni. Ikatoka na harufu, tamu kidogo, ya dawa ya nywele iliyoungua tangu enzi za Kennedy.

"Mnaisikia hiyo?" kijana mmoja akafumba macho, akavuta pumzi ndefu. "Hiyo ni shaba mpya."

"Shaba na dhahabu," Lonnie akamsahihisha kwa upole.

Wakaliuliza maswali. Lieleze nadharia. Litunge shairi. Liandike programu ya kuhesabu kuku. Majibu yakashuka kwenye kioo kama mvua ya masika, na kwenye kona ya kioo ikawaka namba: maneno sitini na moja kwa sekunde.

Sasa hapa ni lazima isemwe tabia moja ya watu hawa, maana bila hiyo Lonnie angekamatwa kabla ya chai. Hawasomi jibu. Hawalisomi kabisa. Wataliuliza sanduku maana ya maisha, likawajibu, nao macho yote yako kwenye kona ya kioo kuangalia limejibu kwa kasi gani. Ni wapishi wanaopima moshi, mchuzi hawaonji.

"Sitini na moja!" mtu akapiga kelele. "Modeli kubwa kabisa! Bila mtandao!"

"Yangu inatoa nne," mwingine akasema. "Nne, na nimeuza pikipiki."

Walt akatoa kalamu. Alikuwa anakokotoa. Kisha akamshika Lonnie kiwiko, akamvuta pembeni. "Bei gani?"

"Elfu tisa. Ila mzee, sijui kama naweza kuliacha. Tumezoeana."

"Nalichukua. Nalifungua kwanza nione ndani."

Lonnie akaweka mkono juu ya sanduku. "Likifunguliwa, mzee, dhamana inakufa."

"Mimi nafungua vitu tangu kabla mama yako hajapata mchumba. Mtu hawezi kununua tumbo asilolijua."

Wakati huo huo akatokea mwanamke mmoja mfupi, Mfilipino, umri kama sabini, sweta la maua, viatu vya raba, mkono mmoja unavuta mkoba wa magurudumu na mwingine umebeba trei kubwa la lumpia, zile sambusa nyembamba ndefu, bado zinachirizika mafuta. Alijitambulisha kwa jina la Perpetua. Kila aliyekuwapo alidhani ni mama wa mwenzake, na hakuna mtu katika dunia hii amuulizaye mama wa mwenzake mwenye chakula cha moto ametokea wapi.

"Kuleni, wanangu, kuleni. Mmekonda kwa umeme."

Wakala. Na sheria ya pili ya chama, takatifu kuliko ya kwanza, ni kwamba mwenye mafuta vidoleni hagusi kifaa cha mtu wala chake. Kwa hiyo, kufumba na kufumbua, watu arobaini walikuwa wamelizunguka sanduku la Lonnie, mikono juu kama madaktari wa upasuaji, midomo imejaa, macho kwenye namba. Bi Perpetua naye hakukaa bure. Alipita meza moja baada ya nyingine na mkoba wake, akiokota vikaratasi vya mafuta na vikombe vilivyoachwa, akinung'unika jinsi wanaume wanavyoishi.

Hatimaye Walt akakata shauri. "Bisibisi yangu ya nyota ndogo iko garini. Nanawa mikono, naileta, tunafungua, nakuandikia hundi." Akaondoka. Wengine nao wakakumbuka mikono yao, na kwa kuwa ukumbi ule ulikuwa na sinki moja tu, foleni ikapigwa mpaka njia ya tisa.

Lonnie akabaki peke yake na sanduku. Dakika tano, labda saba. Baada ya hapo bisibisi, baada ya bisibisi drai ya mama, na baada ya drai Modesto. Alianza kuvisikia viatu vya mpira vikimfyonza nyayo.

"Mwanangu," sauti ikasema kiwikoni mwake. "Na mimi naweza kuliuliza?"

"Uliza, mama. Haraka tu, lataka kupumzika."

Bi Perpetua akachapa kwa kidole kimoja, herufi moja moja, huku Lonnie akitazama mlango. Aliuliza: *Barabara ya 880 ikoje sasa hivi? Nina safari ya Hayward.*

Maneno yakashuka. Bi Perpetua akatoa miwani, akaifuta kwa sweta, akaivaa, na akafanya jambo ambalo hakuna mtu aliyelifanya siku ile nzima. Akasoma.

"Kuna msongamano kuelekea kaskazini," akasoma kwa sauti. "Lori la vitunguu limepinduka dakika ishirini zilizopita." Akamgeukia Lonnie. "Dakika ishirini. Na waya yule mzee ameuchomoa."

Lonnie alikuwa amefikiria joto, ngurumo, uzito na harufu. Kulizuia sanduku lisijue habari za leo hakulifikiria hata kidogo.

"Mama," akasema, "hizi za kisasa… hubashiri."

"Hubashiri!" Bi Perpetua akajishika kifua. "Mama wa Mungu! Limeona vitunguu? Ngoja nimwite yule mzee aje ashuhudie. Mzee! Mzeee!"

"Mama, mama, usimwite!"

"Kwa nini? Si atafurahi?"

"Atafurahi kupita kiasi. Ana ugonjwa wa moyo."

"Maskini." Akatikisa kichwa. "Basi nalitaka mimi. Kila asubuhi litanibashiria foleni. Bei gani?"

"Elfu tisa."

"Sina."

Lonnie nusura alie. Bi Perpetua akaufungua ule mkoba wa magurudumu, akaondoa sweta moja, mwavuli na rosari, na chini kabisa, ndani ya taulo la jikoni, vikatokea vitu vinne vyeusi vizito. "Nina haya madude tu ya marehemu mume wangu. Yananijazia kabati."

Wiki tatu za masomo zikampanda Lonnie kichwani kama pombe. Zilikuwa kadi za michoro. Kadi zenyewe hasa, za gigabaiti arobaini na nane kila moja, zile ambazo yule mwenye ndevu wa kwenye tambi alikuwa anaziota. Hata zilizotumika ziliuzwa elfu tatu kila moja, kwa kugombaniwa. Na hizi feni zake hazina hata vumbi.

Akajitia hamnazo. "Aa. Hivi vya zamani, mama. Vya michezo ya watoto. Lakini kwa heshima ya marehemu, tubadilishane tu."

"Mpwa wangu alisema ni elfu tatu kila kimoja." Akaanza kuhesabu vidole. "Tatu mara nne, kumi na mbili. Toa tisa ya sanduku. Unanirudishia tatu."

"Mpwa wako amekudanganya, mama."

"Inawezekana, ni mwongo sana yule. Ngoja nimuulize mzee, ana uso wa mkweli. Mzeee!"

"Mbili! Nakurudishia mbili!"

"Na nitamwambia habari za vitunguu, huenda moyo wake umepoa."

"Mama, nina elfu moja na mia nne tu. Naapa kwa kaburi la mama yangu. Ndizo zote nilizo nazo duniani."

Kwa maajabu, hayo yalikuwa kweli, na pengine ndiyo sababu yalitoka kwa shida. Ni salio la gari la mizigo. Lonnie akageuza mifuko yote nje mbele ya yule bibi mpaka akafanana na tembo. Bi Perpetua akazipokea, akazitia kifuani, akamfuta Lonnie jasho kwa ncha ya taulo.

"Mbona unatetemeka, mwanangu? Hujala. Chukua lumpia." Akampa. Akamwachia mkoba wa kadi na kila kilichomo, isipokuwa rosari. "Naleta gari mlango wa mbele. Nilindie sanduku langu, eh? Dunia hii imejaa wezi."

"Kwa roho yangu, mama."

Akatoka taratibu, akimwaga salamu kwenye foleni ya sinki, na wawili watatu wakambusu mkono.

Hebu mtazameni Lonnie sasa. Kadi za elfu kumi na mbili ziko miguuni pake. Bibi yuko nje, na kwa miguu ile kufika kwenye gari lake ni robo saa. Na sanduku, sanduku lililokwisha kuuzwa, liko pale pale mezani, halijasogea hata inchi. Mtu mwingine angechukua mkoba akamshukuru Mungu. Lonnie alikitazama kile chuma cheusi akawaza Sacramento. Huko nako si kuna watu wasiojua la kuchagua? Kwa nini mtu auze ng'ombe mara moja wakati ng'ombe mwenyewe hajaondoka zizini?

Kicheko kikamjaa puani. Akapakia sanduku kwenye toroli, akaning'iniza mkoba juu yake, akaelekea mlango wa nyuma, ule wa kupakulia mizigo, akipiga mluzi. Aliona maisha yake yote mbele: gari jipya, suti ya kitani, Duarte akiomba kazi, na yeye Lonnie akimjibu kwa ujumbe mfupi kwamba viatu vya mpira atapewa.

Akausukuma mlango. Nje yake, bisibisi mkononi, alisimama Walt Hagopian, ambaye gari lake, kumbe, huliegesha nyuma.

"Lonnie! Unakwenda wapi na mali?"

"Mzee wangu! Nilikuwa nakutafuta wewe. Nimepigiwa simu, mke wangu ameshikwa na uchungu."

Lonnie hakuwa na mke. Alikuwa na paka, naye dume.

"Oho! Hongera! Wa kwanza?"

"Wa… tatu. Lazima niwahi."

"Bila shaka, bila shaka. Wahi. Sanduku niachie, hundi nakuandikia sasa hivi mgongoni mwako."

"Haliwezi kulala nje ya nyumba, mzee. Nitalirudisha Jumatatu."

Walt akakunja uso, si kwa shaka bali kwa uchungu wa mtoto aliyeahidiwa baiskeli. Macho yakamshuka kwenye mkoba uliokuwa umefunguka zipu, na uchungu ukageuka kitu kingine. "Ngoja kwanza. Hizo si za arobaini na nane?"

Lonnie akakokotoa kwa kasi ya kushinda sanduku lake. Akisema amezipata kwa yule bibi, Walt atauliza kazipata kwa kubadilishana na nini, na hicho kitu kiko hapo kwenye toroli. Akisema kazinunua leo, Walt atauliza mbona hazikukaa kwanza Meza ya Jasho. Ilibaki njia moja.

"Ni zangu," akasema. "Nimekuja nazo kutoka nyumbani. Sikutaka hata kuzionyesha."

"Nne! Umekuwa nazo tangu lini?"

"Miaka miwili."

"Miaka miwili, na feni zinang'aa hivi?"

"Nazilea kama wanangu, mzee. Kila Jumapili baada ya kanisa nazipitishia brashi."

Walt alimtazama kwa mapenzi ya dhati. "Kijana, wewe ni wa kwetu. Nakuandikisha uanachama leo leo." Akapapasa mfuko wa tano, akatoa taa ndogo. "Ila jifunze kitu. Kadi hufanana kama mapacha, na hapa mara mbili watu wameondoka na za wenzao kwa bahati mbaya. Kwa hiyo kila mmoja wetu huandika jina chini ya feni kwa wino usioonekana mpaka umulikwe na taa hii ya zambarau. Lete niziandike zako. Kalamu ninayo, sikutozi."

"Mzee, uchungu wa mke wangu…"

"Dakika moja. Wa tatu hauchelewi wala hauwahi."

Akaigeuza kadi ya kwanza, akawasha taa. Wote wawili wakainama. Kutoka gizani chini ya feni zikawaka herufi za zambarau, nzuri, zilizoandikwa na mtu asiye na haraka: WALT HAGOPIAN, NJIA YA TATU.

Walt akaigeuza ya pili. Akaigeuza ya tatu, na ya nne. Akanyanyuka polepole, akachungulia ndani ya ukumbi, kwenye njia ya tatu, ambako juu ya meza yake kilikuwa kimebaki kitambaa peke yake.

"Kwa hiyo, Lonnie," akasema, "miaka miwili yote hiyo wewe ndiye unayenilelea wanangu?"

Lonnie akasogeza toroli inchi moja.

"Na leo saa tatu asubuhi," Walt akaendelea, bado kwa upole, "nilipozipeleka zote nne Meza ya Jasho mbele ya watu arobaini, ilikuwaje?"

"Nilikuazima, mzee," akasema Lonnie. "Nikaona aibu kukukumbusha urudishe."